Rafu ya Mjomba na laptopu inayohaha

Laptopu ya Mwalimu ilinifikia saa tano asubuhi, imezongwa ndani ya leso. Alikuwa ameipakata tangu gati la Mokowe, bara, hadi kwetu kisiwani Lamu, maana siku ile bahari ilikuwa na mawimbi na boti ilikuwa ikirusha maji. Akaiweka juu ya meza yangu taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Salaam aleikum, fundi. Hii niangalizie vizuri. Nimeambiwa ina virusi."

Fundi mwingine, miezi miwili nyuma, alikuwa amemfutia kila kitu, akamwekea Windows upya, akachukua pesa zake. Baada ya wiki hali ikarudi ile ile. Sasa alama za wanafunzi wake zilikuwa zinangoja kupandishwa kwenye tovuti, na mwisho wa kuzipandisha ulikuwa usiku wa siku ile ile.

Niliiwasha. Nikafungua jedwali lake la alama, nikafungua kivinjari, nikafungua ule ukurasa wa tovuti, na tabo nyingine mbili alizozoea kuziacha wazi. Mshale wa panya ukaganda katikati ya kioo. Karakana yangu ni chumba kimoja cha chini katika nyumba ya mawe, nyuma kidogo ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kuta zake nene hunyamazisha kila kitu cha nje. Kwa hiyo tulisikia vizuri, mimi na yeye: krr, krr, tk. Krr, krr, tk. Kitaa cha diski kilikuwa hakipepesi tena, kimewaka moja kwa moja. Niliinama nikaweka sikio kwenye kona ya kushoto, pale kiganja kinapokaa mtu akichapa, nikahisi mtikisiko mdogo wa mkono wa diski ukienda na kurudi, ukienda na kurudi.

"Mwalimu," nikamwambia, "hii haina virusi. Hii inahaha."

Nimeamua kuandika haya kwa sababu mashine za namna hii naletewa kila wiki, na karibu kila mwenye mashine ameshaambiwa jambo lisilo kweli kuihusu.

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka vitu, na wateja wangu wengi huviita vyote viwili "memori". Pa kwanza ni RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo umeme ukikatika husahau kila kitu. Pa pili ni diski, ambako faili hukaa hata mashine ikizimwa mwaka mzima. Laptopu ya Mwalimu ilikuwa na RAM ya gigabaiti 2 na diski ya gigabaiti 500. Prosesa, ambayo ndiyo inayofanya kazi yenyewe, haiwezi kukishughulikia kitu kikiwa bado diskini. Lazima kwanza kiletwe kwenye RAM. Mtu akiona gigabaiti 500 kwenye kibandiko hudhani amenunua uwanja, kumbe pa kufanyia kazi ni zile 2 tu.

Mjomba wangu alikuwa na duka mtaa wa Langoni. Duka lenyewe lilikuwa jembamba, mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili, na lilikuwa na rafu za mbao upande mmoja tu. Bidhaa zilizobaki zilikaa ghalani, karibu na pwani. Mimi nilikuwa na miaka 11 na kazi yangu, baada ya chuo cha Kurani, ilikuwa kwenda na punda kuleta kitu ambacho mteja amekiulizia na hakipo rafuni. Mteja akitaka sabuni ya mche na ipo, anapewa papo hapo. Akitaka kamba ya katani na haipo, Mjomba hasemi "sina". Anasema "ipo, kaa kidogo," kisha ananitazama.

Hilo neno "ipo" ndilo mfumo endeshi, yaani Windows au Linux inayoiongoza mashine, unaloziambia programu. Kila programu hupewa anwani zake, nyingi kuliko RAM iliyopo, na huambiwa izitumie kana kwamba iko peke yake kwenye mashine. Kumbukumbu yote hukatwa vipande vya ukubwa mmoja vinavyoitwa kurasa. Kwenye laptopu za aina hii ukurasa mmoja ni baiti 4,096, kwa hiyo gigabaiti 2 za Mwalimu ni nafasi za kurasa 524,288. Mfumo endeshi huweka daftari la kila programu: ukurasa huu uko nafasi fulani ya RAM, ule hauko, uko diskini. Programu ikigusa ukurasa usiokuwepo, prosesa husimama na kuuita mfumo endeshi. Mfumo hutafuta nafasi, huenda diskini kuuleta ukurasa, huandika daftarini kwamba sasa upo, kisha huiambia programu irudie ile hatua iliyoishia. Programu haijui kama ilisimamishwa. Kwake yeye, "ipo" ilikuwa kweli.

Na kama nafasi hakuna? Basi ukurasa mmoja utolewe, na hapa ndipo penye maarifa. Mjomba alikuwa na desturi ambayo niliielewa miaka mingi baadaye, siku niliposoma namna mfumo endeshi unavyochagua ukurasa wa kutoa. Kila asubuhi alipita rafuni akageuza makopo na paketi zote zitazame ukuta. Mchana, kila alichomuuzia mtu alikirudisha kikitazama nje. Jioni alipotaka kupata nafasi alitafuta vilivyobaki vikitazama ukuta. Hivyo vya ukutani ndivyo nilivyokuwa nikivirudisha ghalani. Mfumo endeshi unafanya karibu vile vile. Kila ukurasa una biti moja, yaani alama ndogo ya kuwaka au kuzimika, ambayo prosesa huiwasha pale ukurasa unapoguswa. Mfumo hupita mara kwa mara ukizizima hizo biti, na ukirudi ukakuta mojawapo bado imezimika, ukurasa huo unajulikana kuwa hauna mtu anayeutaka kwa sasa.

Hakuna njia kamili. Mwaka 1966 László Bélády, mtafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM, alionyesha kwamba uchaguzi bora kuliko wote ni kuutoa ukurasa ambao utahitajika mbali zaidi huko mbele kuliko mwingine wowote. Lakini ya mbele hayajulikani, kwa hiyo kila mfumo hukisia kwa kutazama ya nyuma. Mjomba naye alikisia kwa kutazama ya jana, na mara nyingi alipatia.

Mfano wa duka unakomea mahali fulani, nami sitaki kuulazimisha. Gunia likiwa rafuni haliko ghalani, lakini ukurasa unaweza kuwepo kote kuwili. Kurasa zinazobeba programu yenyewe, yale maagizo yake, zilitoka kwenye faili na faili bado iko diskini vile vile. Nafasi ikitakiwa, kurasa hizo zinaachwa tu, hakuna haja ya kuziandika popote. Zinazogharimu kutoa ni zile zilizobadilika: alama ambazo Mwalimu ameziandika na bado hajazihifadhi, picha ambayo kivinjari kimeifungua, hesabu za katikati. Hizo hazina nakala nyingine duniani. Lazima ziandikwe diskini kwanza, mahali palipotengwa. Windows hupaita pagefile.sys, kwenye Linux ni swapu, nayo huwa kizigeu kizima, yaani sehemu ya diski iliyokatwa peke yake, au faili la kawaida.

Watu wengine, wakisikia diski ndiyo inayochelewesha, huzima swapu kabisa wakidhani wamepona. Nimeona mashine za namna hiyo zikihaha vile vile. RAM ikijaa, mfumo hauwezi kuzitoa kurasa zilizobadilika kwa kuwa hazina pa kwenda, basi unaanza kuziacha kurasa za maagizo, ambazo ndizo zinazohitajika sekunde ile ile, na kuzisoma tena kutoka kwenye faili, na kuziacha tena. Mwisho Linux huchagua programu moja na kuiua ili nyingine ziishi. Mwenye mashine anakuja kwangu akisema kivinjari chake "kinajifunga chenyewe".

Wazo hili la kuunganisha RAM na diski si la jana. Zamani mwandishi wa programu kubwa alilazimika kuikata vipande mwenyewe, akapanga kwa mkono kipi kiingie lini na kipi kitoke. Katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, Tom Kilburn na wenzake walijenga kompyuta iliyoitwa Atlas, ikazinduliwa mwaka 1962. Ilikuwa na kumbukumbu ya kasi ya maneno 16,384 tu (neno hapa ni kipimo cha kumbukumbu, si neno la kusomwa), na nyuma yake ngoma za sumaku, mapipa yanayozunguka, zilizobeba maneno 98,304. Mashine yenyewe ndiyo iliyohamisha kurasa, za maneno 512 kila mmoja, kati ya pale na pale, na mwandishi wa programu aliona hifadhi moja tu kubwa. Naiheshimu sana kazi ile. Walimwondolea mtu mzigo ambao hakustahili kuubeba.

Linux nayo iliupata uwezo huu kwa ajili ya mtu mwenye mashine ndogo. Mwishoni mwa mwaka 1991 Linus Torvalds alikuwa na mtumiaji mmoja huko Ujerumani ambaye kompyuta yake ilikuwa na RAM ya megabaiti 2, haikutosha kazi aliyoitaka. Torvalds akaandika sehemu ya kupeleka kurasa diskini wakati wa Krismasi. Nakumbuka kisa hicho kila ninapoletewa laptopu kongwe na mtu anayeona haya kuitoa mkobani.

Kwa nini basi jambo zuri kama hili lilikuwa limemkwamisha Mwalimu? Kwa sababu ya mwendo.

Kulifikia jambo lililoko RAM huchukua takriban nanosekunde 100 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Diski ya Mwalimu ni ya sahani inayozunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika, ambayo ni milisekunde 11, yaani elfu za sekunde, kwa mzunguko mmoja. Mkono wa diski lazima kwanza usogee hadi kwenye njia inayotakiwa, kisha ungoje sahani ilete sehemu yenyewe. Kwa wastani hesabu hiyo inafika milisekunde 15 hivi. Ukigawanya utaona diski iko nyuma ya RAM mara 150,000.

Tarakimu kama hizo hazimwingii mtu, nami humgeuzia hivi. Tuseme Mjomba kunyoosha mkono rafuni ni sekunde 1. Basi kwenda kwenye diski ya sahani ni saa 41 na dakika 40, karibu siku mbili. Huo si muda wa kunituma mimi na punda. Huo ni muda wa kungoja jahazi. Diski za kisasa zisizo na sahani, zile SSD, huleta ukurasa kwa takriban mikrosekunde 100, yaani milioni za sekunde, na kwa kipimo hicho hicho cha Mjomba hiyo ni dakika 17. Hapo sawa, hiyo ndiyo safari yangu ya ghalani na kurudi, punda akiwa na hiari yake.

Mfumo endeshi haukai kizembe. Hujaribu kuleta kurasa za jirani kwa pamoja ili safari moja ibebe vingi. Lakini kurasa zikiwa zimetawanyika, diski ya Mwalimu ingeleta kama 66 kwa sekunde, na 66 mara baiti 4,096 hazifiki hata kilobaiti 300. Tabo moja ya kivinjari inaweza kutaka megabaiti 200.

Hata hivyo mwendo peke yake haukwamishi. Mjomba aliuza miaka na miaka na ghala lilikuwa mbali, na wateja hawakumkimbia, kwa sababu vitu 9 kati ya 10 walivyovitaka siku yoyote vilikuwa rafuni. Kilichomkwamisha nilikishuhudia mara moja, mkesha wa Idi. Mji ulikuwa umejaa, watu wametoka Pate na Siyu na Faza, na kila mtu alitaka kitu chake. Mmoja akataka tende. Nikaenda ghalani, nikaleta, Mjomba akashusha tambi apate pa kuziweka. Nageuka, mwingine anataka tambi. Nikazirudia, akashusha sukari. Wa tatu anataka sukari. Nilikwenda na kurudi mpaka punda akagoma kwenye kona ya gati, akakaza miguu yake minne, wala hapakuwa na mtu wa kumsukuma. Duka lilijaa watu na pesa zilikuwa mikononi mwao, na kwa muda mrefu Mjomba hakuuza kitu chochote. Sote tulikuwa tukifanya kazi kwa jasho, na kazi haikuwa ikienda.

Mwaka 1968 Mmarekani Peter Denning alieleza hali hiyo hiyo ndani ya kompyuta, nayo ndiyo ninayoiita kuhaha. Kila programu, kwa kila kipindi kifupi, ina kundi la kurasa inazozigusa tena na tena. Makundi ya programu zote zinazoendelea yakienea kwenye RAM, mashine huenda vizuri hata kama diskini kumelala mlima wa kurasa nyingine. Yasipoenea, hata kwa kidogo, kila programu humnyang'anya mwenzake ukurasa anaoutaka sasa hivi, na mashine huanza kutumia muda wake wote kubeba badala ya kufanya. Haishuki polepole, huanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Ndiyo maana Mwalimu alisema, "Jana na tabo mbili ilikuwa sawa, leo nimeongeza moja tu." Alikuwa sahihi kabisa. Ile moja ndiyo iliyovusha mpaka.

Nilimwonyesha kwenye dirisha la Windows linalohesabu ni kurasa ngapi zinafuatwa diskini kila sekunde. Tulipofunga kivinjari namba ilishuka ikakaa sifuri. Tulipokifungua ikaruka mamia, na diski ikasimama kwenye asilimia 100. Alitazama kimya, kisha akauliza swali ambalo lilinifurahisha, swali la mwalimu: "Kwa hiyo kunifutia kila kitu kulinisaidia nini?" Kulimsaidia wiki moja, kwa sababu Windows mpya haikuwa na vitu vingi vinavyoanza pamoja nayo. Alipoweka programu zake za kazi, kundi likarudi kuwa kubwa kuliko rafu.

Hapa nina neno na wauzaji wa simu. Siku hizi kijana anakuja na simu mpya, sanduku limeandikwa RAM 4+4, naye amelipia 8. Ile 4 ya pili ni sehemu ya hifadhi ya simu iliyotengwa kwa kazi hii hii ninayoieleza. Ni ghala, wameipaka rangi ya rafu. Inasaidia programu uliyoiacha nyuma isisahaulike, na hilo ni jema, lakini huwezi kuifanyia kazi kama RAM, na kuiandika kila mara hula umri wa hifadhi, kwa kuwa hifadhi hizo huvumilia kuandikwa idadi fulani tu ya mara. Kumwambia mtu kwamba 4 na 4 hapa ni 8 ni kumdhulumu. Kilicho bora zaidi kwenye simu nyingi hakiandikwi sandukuni: mfumo huzibana kurasa zisizotumika na kuzihifadhi humo humo ndani ya RAM, kama nguo zilizokunjwa vizuri katika sanduku la safari, kisha huzikunjua zikihitajika. Prosesa hufanya kazi kidogo zaidi, lakini hakuna jahazi la kungoja.

Jambo jingine, kwa wanaouza laptopu zao. Kilichopelekwa diskini hakifutiki umeme unapozimwa. Katika lile eneo la kurasa kunaweza kubaki kipande cha barua yako au neno lako la siri, kama liliwahi kupita kwenye kumbukumbu wakati mashine ilipokuwa imebanwa. Programu zilizoandikwa kwa uangalifu huuomba mfumo endeshi usizipeleke diskini kurasa zao za siri, lakini si zote zinazokumbuka kuomba. Kufuta faili zako hakutoshi. Diski nzima ifutwe, au iwe imefumbwa kwa neno la siri tangu mwanzo.

Tulikuwa tumebakiwa na saa chache. SSD sikuwa nayo. Ingebidi itoke Mombasa. Lakini kwenye kopo langu la biskuti, mahali ninapoweka vipande vya laptopu zilizokufa, nilikuwa na kijiti cha RAM cha gigabaiti 4 cha aina yake. Hewa ya chumvi ya hapa kwetu hula meno ya shaba ya vijiti hivi, yale yanayogusana na laptopu, na hata ya dhahabu huyafifisha, kwa hiyo nilichukua kifutio cha penseli nikayasugua pole pole, upande huu na upande huu, mpaka yakang'aa, nikapuliza vumbi la kifutio. Nikafungua kifuniko cha chini. Kulikuwa na nafasi ya pili, tupu, haijawahi kuguswa tangu kiwandani. Kijiti kikaingia kwa mlio mdogo.

Gigabaiti 6. Nikafungua jedwali, kivinjari, tovuti, tabo zake zote, nikaongeza na mbili zangu. Kitaa kikapepesa mara chache, kisha kikazima.

Mwalimu alivuta kiti akasogea, akaweka sikio lake pale pale nilipoweka langu asubuhi. Akakaa hivyo kitambo, macho yakiwa kwenye ukuta.

"Mbona haingurumi tena?"

"Haina inachokwenda kuchukua, Mwalimu."

Akaanza kupandisha alama. Darasa la kwanza lilimaliza kabla ya adhana ya alasiri. Lile la tatu alilimalizia pale pale mezani kwangu huku nikimletea kahawa, kwa sababu boti ya mwisho aliyoitaka ilikuwa imeshaondoka na ilibidi ampigie simu dada yake wa Mkomani amwandalie pa kulala.